Makuhani wawili, mpiganaji mmoja: mwongozo kamili wa kuamua speli zinapokutana

Usiku mmoja mezani kwetu, tukicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, makuhani wawili walimbariki mpiganaji mmoja. Wa kwanza alitumia Bless, uchawi wa baraka. Wa pili, zamu yake ilipofika, akatumia Bless hiyo hiyo kwa mtu yule yule, kwa nia njema kabisa. Mpiganaji akaokota dadu mbili ndogo za pande 4, akazichanganya kiganjani na ile ya pande 20, akaanza kutikisa. Kabla hazijaanguka mtu akasema, "Ngoja kwanza."

Tukabishana dakika 40. Zimwi likasimama pale pale na rungu lake juu, likitusubiri. Dada mmoja aliyekuwa amekuja kucheza kwa mara ya kwanza alianza kurudisha dadu zake mfukoni, moja baada ya nyingine, bila kusema neno. Wiki iliyofuata hakuja. Na jibu lilikuwa ndani ya kitabu kilichokuwa mezani muda wote huo, sentensi mbili tatu tu, ila hakuna kati yetu aliyejua pa kuzitafuta.

Mwongozo huu nimeuandika ili meza yako isipoteze mtu kwa namna hiyo. Unahusu Dungeons & Dragons toleo la 5, lile la mwaka 2014, pamoja na marekebisho yake ya 2024 pale yanapotofautiana. Mwishoni nitagusa toleo la 3.5 na Pathfinder, kwa sababu wachezaji wengi huhama na kanuni za zamani kichwani bila kujua. Kama huna vitabu, usikate tamaa: kanuni za msingi za toleo la 5 zilitolewa bure mwaka 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, katika waraka uitwao SRD 5.1. Karibu kila speli nitakayoitaja imo humo.

Maneno machache kwanza. Speli ni uchawi mmoja mmoja wenye jina lake. Majina yenyewe nimeyaacha kama yalivyochapwa vitabuni ili uyapate haraka ukiyatafuta. Daraja ni ngazi ya speli, kuanzia 1 hadi 9, na chini yake kuna speli ndogo za bure ambazo hazina daraja. Namba ya kinga ndiyo anayopaswa kuifikia adui ili akupige. Dadu ya kujiokoa ni ile unayotupa ili uchawi usikupate, au usikupate wote. Wepesi na Ukakamavu ni vipimo viwili vya mwili wa mhusika: wepesi wa kukwepa na uwezo wa kustahimili.

Sasa twende. Maswali ni matano, na siri yote iko kwenye kuyauliza kwa mpangilio huu. Ubishi mwingi nilioushuhudia ulitokana na watu kuruka moja kwa moja hadi swali la tatu.

Hatua ya 1: Je, zote mbili bado zinaendelea?

Speli zinakutana pale tu muda wake unapokutana. Fireball ni ya papo hapo: moto unalipuka, unaunguza, umekwisha. Wachawi wawili wakirusha Fireball mbili katika raundi moja, adui anaungua mara mbili. Hakuna kanuni ya kuzuia hilo, kwa sababu ya pili inapofika ya kwanza haipo tena. Nimewahi kukutana na mwendesha mchezo (yule anayesimulia na kuamua mezani) aliyekataa moto wa pili akidai kwamba jina ni moja. Alichanganya hatua hii na inayofuata.

Hapa hapa uliza habari za umakini. Speli nyingi zenye nguvu zinamtaka aliyeziroga azishikilie kwa umakini wake, na mtu mmoja hawezi kushikilia zaidi ya moja. Akianza ya pili inayohitaji umakini, ya kwanza inakatika palepale. Bless inahitaji umakini. Vivyo hivyo Haste (ya kumwongezea mtu kasi), Shield of Faith (ya kumwongezea kinga), Faerie Fire (miali ya rangi), Web (wavu), Fog Cloud (ukungu) na Darkness (giza). Kwa hiyo kabla hujakuna kichwa ukijiuliza kama Bless na Shield of Faith zinajumlishwa, uliza nani amezitoa. Kama ni kuhani mmoja, swali limekwisha: iliyobaki ni ile ya mwisho.

Umakini hukatika pia kwa kipigo. Anayeshikilia speli akiumia, anatupa dadu ya kujiokoa ya Ukakamavu, na shabaha yake, yaani namba anayopaswa kuifikia, ni 10 au nusu ya madhara aliyopata, chochote kilicho kikubwa. Madhara 18 yanampa shabaha ya 10, kwa sababu nusu yake ni 9 tu. Madhara 22 yanampa 11. Mishale miwili ni majaribio mawili, usiijumlishe kuwa pigo moja. Toleo la 2024 limeongeza kwamba shabaha haivuki 30. Akizimia au akifa, umakini unakwenda naye.

Na hapa kuna jambo ambalo makuhani wengi hawalioni. Bless inaongeza dadu ya pande 4 kwenye mashambulio na kwenye dadu za kujiokoa. Jaribio la umakini ni dadu ya kujiokoa. Kwa hiyo kuhani akijiweka yeye mwenyewe miongoni mwa wale watatu anaowabariki, baraka yake inamsaidia kuilinda baraka yake. Kuwapa wenzako wote watatu kunaonekana ni ukarimu, lakini mara nyingi unawanyima kila kitu kwenye pigo la kwanza linalokufikia.

Hatua ya 2: Je, jina ni moja?

Hii ndiyo kanuni iliyotushinda usiku ule. Speli zenye majina tofauti hujumlishwa muda wake unapokutana. Speli yenye jina lile lile, hata ikitolewa na watu kumi, haijumlishwi: inafanya kazi ile moja yenye nguvu zaidi. Kitabu kinatoa mfano wa makuhani wawili na Bless, kama vile kilituona. Mpiganaji wetu alistahili dadu moja ya pande 4.

Lakini usitafsiri kwamba Bless ya pili imepotea bure. Ipo; kati ya hizo mbili, moja imelala chini ya nyingine. Zimwi likimpiga kuhani wa kwanza hadi umakini wake ukatike, Bless ya kuhani wa pili inaendelea bila hata zamu moja kupita, na mpiganaji bado ana dadu yake. Kwenye pambano gumu, kuwa na Bless mbili kwa mtu mmoja ni kama kuwa na kamba ya akiba. Kuhani wetu wa pili hakuwa amekosea, alikuwa tu amenunua kitu tofauti na alichodhani.

Jambo hilo hilo kwenye speli zinazopandishwa daraja. Aid ya daraja la 2 inainua kiwango cha juu cha uhai cha watu watatu, pamoja na uhai walio nao, kwa 5 kila mmoja. Ikitolewa kwa daraja la 3 inakuwa 10. Ukipewa zote mbili una 10, siyo 15.

Tofauti ya jina inatosha hata kama kazi zinafanana au zinapingana. Bless inaongeza dadu ya pande 4, Bane inatoa dadu ya pande 4. Mtu aliyebarikiwa na kulaaniwa kwa wakati mmoja anatupa zote mbili, anajumlisha moja na kutoa nyingine. Usizifute kwa kusema "zimelingana". Hazijalingana mpaka dadu ziseme.

Waandishi wa kanuni baadaye waliipanua hoja hii itoke kwenye speli iende kwenye kila uwezo wa mchezo: vitu viwili vyenye jina moja, kimoja tu ndicho kinachofanya kazi. Mtu aliyeshikwa na moto wa zimwi la moto hauungui mwili wake maradufu kwa kuguswa tena na moto ule ule. Kwa kipimo hicho, makuhani wawili wenye Spirit Guardians, roho zinazomzunguka kuhani na kuwaumiza maadui walio karibu, wakimbana adui katikati, mimi humpa adui madhara ya mmoja wao kwa zamu, yaliyo makubwa.

Hatua ya 3: Zinagusa kitu gani?

Umeshajua zote zinaendelea na majina ni tofauti. Kwa kawaida zinajumlishwa. Ila kuna sehemu za mhusika zenye kanuni zake, na kila moja inabidi uijue kwa jina. Hapa ndipo nitakaa kidogo.

Anza na namba ya kinga. Kuna speli zinazokupa hesabu mpya, kuna zinazoongeza juu ya hesabu, na kuna inayoweka sakafu. Makosa karibu yote yanatokana na kuchanganya makundi haya matatu.

Mage Armor ni hesabu: kinga yako inakuwa 13 ukijumlisha Wepesi wako. Uwezo wa wapiganaji wa porini wa kupigana bila deraya nao ni hesabu: 10, jumlisha Wepesi, jumlisha Ukakamavu. Hesabu haziunganishwi. Unachagua moja. Mtu wa porini mwenye Wepesi +2 na Ukakamavu +3 anapata 15 kwa uwezo wake. Ukimpa Mage Armor anapata 15 pia. Mara nyingi utasikia mtu akimpigia 18, yaani 13 na 2 na 3. Hiyo 18 haipo.

Shield of Faith ni nyongeza ya 2. Haste ni nyongeza ya 2. Shield ni nyongeza ya 5 hadi mwanzo wa zamu yako inayofuata. Hizi zote zinapanda juu ya hesabu moja uliyochagua. Mchawi mwenye Wepesi +3 na Mage Armor ana 16. Kuhani akimpa Shield of Faith, 18. Mwenzake akimpa Haste, 20. Mshale ukija akainua Shield, 25. Ni halali kabisa, maana imewagharimu watu watatu, umakini wa wawili, na nafasi nne za speli, yaani speli nne kutoka kwenye akiba zao.

Kisha kuna Barkskin, ngozi inayogeuka gome la mti. Yenyewe inasema kinga yako haiwezi kuwa chini ya 16 (toleo la 2024 limepandisha kuwa 17). Hiyo ni sakafu. Inaangalia jumla yako yote, na kama jumla iko chini, inaiinua. Basi mwenye kinga 14 akipata Barkskin anakuwa na 16. Rafiki yake akimwongezea Shield of Faith, watu hukimbilia kusema 18. Hapana: 14 na 2 ni 16, sakafu ni 16, rafiki ametupa speli yake mtoni. Hili linaumiza kwa sababu aliyeitoa alikuwa anasaidia. Mwambie kabla hajatumia zamu yake, siyo baada.

Pointi za uhai za muda hazijumlishwi kamwe. Ukiwa nazo 12 ukapewa 10, unachagua: 12 au 10. Hakuna 22. Angalia hasa Armor of Agathys, barafu inayokupa pointi 5 za muda na kumuumiza kwa baridi anayekupiga karibu maadamu pointi hizo bado unazo. Kwa maandishi ya 2014, ukikubali pointi nyingine za muda, hata kama ni nyingi zaidi, barafu imeondoka. Wakati mwingine 5 zenye meno ni bora kuliko 9 butu. Na Aid, niliyoitaja juu, haiko kwenye kundi hili. Inainua uhai halisi, kwa hiyo inakaa vizuri pamoja na pointi za muda.

Faida na hasara. Kutupa kwa faida ni kutupa dadu mbili za pande 20 ukachukua kubwa, na kwa hasara ukachukua ndogo. Faida tatu ni sawa na faida moja. Na faida ikikutana na hasara zinafutana zote, bila kuhesabu: faida moja inafuta hasara nne. Watu hawaamini wanapoisikia mara ya kwanza. Jaribu mfano wa ukungu. Wapiga mishale wawili wako ndani ya Fog Cloud, hakuna anayemwona mwenzake. Anayelenga ana hasara kwa sababu haoni shabaha, lakini ana faida pia kwa sababu shabaha haimwoni yeye. Zinafutana, anatupa dadu moja kama kawaida. Wapo wanaokasirishwa na matokeo haya, nami nawaelewa, lakini kanuni inayoamuliwa kwa sekunde mbili ina thamani yake saa tano usiku.

Ukinzani dhidi ya moto, baridi na kadhalika unakata madhara nusu, mara moja tu, hata ukiwa nao kutoka sehemu tatu. Mpangilio wake ndio wa kushika: kwanza dadu ya kujiokoa na mapunguzo mengine yote, halafu ukinzani, na kila nusu inashushwa chini. Fireball ikitoa madhara 28 na ukajiokoa, yanabaki 14. Ukinzani unaleta 7. Ukinzani wa pili hauleti 3.

Hali kama sumu, upofu au kunaswa: unayo au huna. Sumu mbili hazikufanyi uwe na sumu zaidi. Lakini kila moja ina muda wake, kwa hiyo ya kwanza ikiisha ya pili bado inakushikilia. Uchovu pekee ndio unaopanda ngazi, na ngazi ya 6 ni kifo.

Hatua ya 4: Maandishi ya speli yenyewe yanasema nini?

Kanuni za jumla zinanyamaza pale speli inapoongea. Ukishafika hapa, fungua ukurasa, soma kwa sauti, usome yote. Speli hufanya kile ilichoandikiwa. Mambo yanayoonekana "yanapaswa" kutokea kwa mantiki ya dunia yetu hayatokei mpaka yaandikwe, au mpaka mwendesha mchezo aamue.

Giza na mwanga ni mfano mzuri. Darkness, speli ya daraja la 2, inasema kwamba eneo lake likigusana na eneo la mwanga wa speli ya daraja la 2 au chini yake, speli hiyo ya mwanga inafutika. Inafutika yote, hata kama mgusano ni ukingo tu. Haijalishi ipi ilitangulia: ukiingia gizani na Light yako imewashwa kwenye fimbo, imekufa. Daylight, ya daraja la 3, inajibu kwa lugha ile ile: inafuta giza la speli ya daraja la 3 au chini. Sasa, vipi Darkness ikipandishwa daraja la 4? Daylight ya daraja la 3 haiwezi kuifuta. Darkness nayo haiwezi kufuta mwanga wa daraja la 3. Zimebaki zote mbili mahali pamoja. Maandishi ya Darkness yanakataa mwanga usio wa uchawi tu, na Daylight ni ya uchawi, kwa hiyo mezani kwangu mwanga unaonekana. Huo ni uamuzi wangu, na meza nyingine inaweza kuamua vingine kwa haki kabisa.

Asiyeonekana na Faerie Fire: hakuna mjadala. Faerie Fire inasema waziwazi kwamba aliyepatwa hafaidiki na kutoonekana. Hata speli ya kutoonekana iwe ya daraja la juu zaidi, haisaidii mpaka ile miali ya rangi izimike.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wavu na moto. Web inanasa watu ndani ya mchemraba wa futi 20 kila upande. Aliyenaswa ana hasara kwenye dadu za kujiokoa za Wepesi. Fireball inaokolewa kwa Wepesi. Na Fireball haihitaji umakini, kwa hiyo mchawi mmoja anaweza kushikilia wavu na zamu inayofuata akarusha moto. Walionaswa wanatupa kwa hasara. Halafu maandishi ya Web yanaongeza lake: kila sehemu ya wavu ya futi 5 inayoguswa na moto inateketea ndani ya raundi moja, na anayeanza zamu yake ndani ya moto huo anapata madhara ya dadu 2 za pande 4. Umepata vitu vitatu kwa speli mbili, lakini umepoteza wavu. Walionusurika sasa wako huru, na wamekasirika. Fanya hesabu hiyo kabla hujafurahi.

Haste na Slow, ile ya kumpunguzia mtu kasi, kwa upande wake, zinafundisha uvumilivu wa kusoma. Mtu akiwa na zote mbili kwenye toleo la 5, hazifutani. Mwendo unazidishwa mara mbili na kugawanywa mara mbili, kwa hiyo unarudi palepale. Kinga inaongezwa 2 na kutolewa 2. Dadu ya kujiokoa ya Wepesi ina faida ya Haste lakini inapunguzwa 2 na Slow. Kitendo cha ziada cha Haste anacho, ila Slow inasema hawezi kushambulia zaidi ya mara moja kwenye zamu yake, hata awe na nini. Basi kitendo kile cha ziada akitumie kukimbia au kujificha.

Kuhusu Dispel Magic, speli ya kufuta uchawi, kumbuka kwamba ukiielekeza kwa kiumbe, kila speli ya daraja la 3 au chini iliyo juu yake inakwisha. Zile Bless mbili zilizolala moja chini ya nyingine zinakwenda zote. Za daraja la 4 na zaidi zinataka jaribio, shabaha 10 ukijumlisha daraja la speli. Na ukiing'oa Haste kwa adui unampa adhabu: speli hiyo ikiisha, aliyekuwa nayo hawezi kusogea wala kutenda mpaka zamu yake inayofuata ipite. Mwenye Dispel Magic anayejua hilo ni hatari.

Hatua ya 5: Ipi inatangulia?

Mara chache vitu viwili vinatokea kwa sekunde moja, hasa mwanzoni mwa zamu. Kanuni iliyochapwa mwaka 2017, na ikarudiwa 2024, inasema mwenye zamu ndiye anayepanga. Kama ni zamu ya mhusika wako, unapanga wewe. Kama ni zamu ya zimwi, anapanga mwendesha mchezo.

Linaonekana ni jambo dogo. Tazama basi. Mpiganaji ana Heroism, inayompa pointi za uhai za muda kila mwanzo wa zamu yake, tuseme 4. Amesimama ndani ya wavu unaoungua, na moto nao unamuumiza mwanzo wa zamu yake. Tuseme umetoa 5. Kama amebaki na uhai 3 na hana pointi za muda, achukue Heroism kwanza: 4 zinakula moto, 1 inampata, anabaki na 2 na amesimama. Akipanga kinyume, anaanguka. Lakini kama ana uhai wa kutosha na bado ana zile 4 za raundi iliyopita, mambo yanageuka. Akichukua Heroism kwanza haongezi kitu, kwa sababu hazijumlishwi. Moto unamaliza 4 na kumtoa 1, anabaki bila pointi za muda. Akiacha moto utangulie, moto unakula zile 4 za zamani na kumtoa 1, halafu Heroism inampa 4 mpya. Kipigo kile kile, pointi 4 zaidi mfukoni. Mfundishe mchezaji mpya hili na utamwona akianza kusoma karatasi yake kwa macho mengine.

Ukitoka kwenye kanuni nyingine

Toleo la 3.5 la mwaka 2003, na Pathfinder ya kwanza ya 2009 iliyolifuata, havikuangalia jina la speli kama tunavyofanya hapa. Viliangalia aina ya nyongeza: ya ari, ya bahati, ya uboreshaji, na nyingine nyingi. Aina moja haijumlishwi, isipokuwa chache kama ile ya kukwepa. Ndiyo maana Bless na Aid za 3.5 hazikusaidiana kwenye shambulio, zote zilitoa +1 ya ari, wakati Prayer ilipanda juu yake kwa sababu ni ya bahati. Na Haste kule iliifuta Slow moja kwa moja. Mchezaji wa zamani anayeng'ang'ania kwamba zinafutana hadanganyi, anakumbuka kitabu kingine.

Pathfinder ya pili, 2019, ilipunguza aina zikabaki tatu: ya mazingira, ya hali na ya kifaa. Unachukua kubwa ya kila aina, basi. Bless na wimbo wa kishujaa wa mwimbaji zote ni za hali, kwa hiyo kuwa nazo pamoja kwenye shambulio ni hasara ya zamu.

Kufuatilia mezani

Bila kuandika, hatua zote hizi ni bure. Sisi tunatumia vizibo vya soda. Kila mwenye kushikilia umakini anaweka kizibo kimoja mbele yake, kimoja tu, na ndani yake kipande cha karatasi chenye jina la speli, waliopata, na raundi itakayokwisha. Akianza nyingine ya umakini, anakigeuza kile kile na kubadilisha karatasi. Hawezi kusahau kwamba ya kwanza imekatika, kwa sababu kizibo ni kimoja. Bless ya pili iliyolala ina kizibo chake mbele ya kuhani wa pili, kwa hiyo ya kwanza ikianguka hakuna anayeuliza.

Mambo ambayo kitabu hakikuyamaliza yanakwenda kwenye daftari. Mtu akiwa na Haste mbili na moja ikakatika, je, anapata ule uzito wa zamu nzima, yaani ile adhabu ya kutosogea wala kutenda? Kitabu kinasema "speli ikiisha", na kweli moja imeisha. Mwendesha mchezo wetu aliamua kwamba maadamu ya pili ingalipo, mwili haujahisi kitu, na uzito unakuja siku ya mwisho tu. Tulimpa dakika mbili kuamua, akaandika ukurasa wa kwanza, tarehe na sentensi moja, na zamu ikaendelea.